Trieste, Mji Usiofunga Wagonjwa Wake

Ukipanda treni kutoka Venezia kwenda Trieste, kaa upande wa kulia. Kila niliyemuuliza aliniambia hivyo, lakini kwa muda mrefu nilichokiona dirishani ni mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, viwanda na maghala. Tulipoipita Monfalcone ndipo reli ikashika ubavu wa mlima wa mawe meupe, bahari ya Adriatiki ikatokea chini yetu yote kwa pamoja, na kasri la Miramare likaonekana juu ya mwamba wake. Nilikuwa sijalala vizuri tangu Dar es Salaam: Addis Ababa usiku, Milano asubuhi, kisha kungoja stesheni na begi mkononi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika wodi yenye kufuli. Nilikuwa nimesoma kwamba mji huu wenye watu wapatao laki mbili haufungi mgonjwa kitandani wala haumfungii chumbani peke yake, na kwamba umeshika njia hiyo tangu miaka ya sabini. Kusoma nilisoma, kuamini nilishindwa. Aliyewahi kusimama saa nane usiku mbele ya kijana mwenye nguvu, hajalala siku nne, anasikia sauti zinazomwamuru apige kabla hajapigwa, na mkononi ana mguu wa kitanda alioung'oa mwenyewe, hawezi kuliamini jambo kama hilo kwa kuwa tu limechapishwa. Anataka kuona.

Stesheni nilipokewa na bibi mmoja mwenye mvi, mkalimani wa ziara yangu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Kamwene!" Nikashangaa, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akanipa pole ya safari, akauliza kama nimekula. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Tosamaganga, Iringa, pamoja na madaktari waliotoka Padova, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyanda za juu, cha taratibu, chenye heshima nyingi. Tulipokuwa tunavuka barabara upepo ulivuma kwa nguvu hata nikashika nguzo. Akaniambia huo ni mdogo. Upepo wenyewe wanauita bora, hushuka kutoka mlimani wakati wa baridi, na zamani halmashauri ilikuwa inafunga kamba kwenye kona za mitaa ili watu wapate pa kushika wasiangushwe.

Kabla sijasimulia niliyoyaona, ni haki nieleze tunavyofikiri sisi tunaofunga, maana wanaoandika juu yetu mara nyingi hutuchora kama watu wasio na huruma. Sijakutana na muuguzi anayefurahia kumfunga mtu. Mgonjwa huletwa na ndugu zake, mara nyingi nyuma ya pikapu, mikono imefungwa kwa kamba ya katani au kwa kanga, vifundo vimechubuka na kuvimba. Jambo la kwanza tunalofanya ni kukata kamba na kuosha vidonda. Kisha sindano: haloperidoli au klopromazini, pengine na diazepamu. Dawa inapochelewa kushika, naye anapiga kelele na kurusha ngumi, na wodi imejaa watu wengine wanaoanza kuhamaki, tunachukua kitambaa au mkanda na kumfunga kitandani, au tunamwingiza katika chumba cha peke yake na kusukuma komeo. Tumekata kamba ya ndugu, na kabla ya alfajiri tumeshafunga ya kwetu. Tunaambiana kwamba ni kwa usalama wake. Tunaambiana pia kwamba ni kwa muda mfupi, ingawa muda mfupi wa usiku wenye muuguzi mmoja na mhudumu mmoja huweza kufika hadi zamu ya asubuhi.

Chini ya maneno hayo kuna hofu, na haifanani na ile watu wanayoidhania. Kupigwa tunakuogopa, ndiyo. Wapo wenzangu waliovunjwa meno na mkono. Lakini kinachotawala mawazo ya zamu ya usiku ni barua ya kujieleza. Mgonjwa akitoroka, au akijidhuru, au akimuumiza mwenzake, daktari haulizwi, utawala hauulizwi. Anayeandika barua ni muuguzi aliyekuwa zamu. Swali la kwanza litakuwa kwa nini hukumfunga. Sijawahi kusikia mtu akitakiwa aandike barua kueleza kwa nini alimfunga mgonjwa.

Watafiti wa nchi nyingi wamewauliza wauguzi juu ya kuwafunga wagonjwa, na jibu wanalolipata linafanana kila mahali: hatupendi, lakini hakuna njia nyingine. Wakiulizwa wagonjwa waliofungwa, wao huzungumzia adhabu, aibu na woga. Na wale waliowahi kubakwa au kupigwa utotoni husema kitendo kile kiliwarudisha kulekule. Mimi kilichonifungua macho ni tofauti za nchi na nchi. Uholanzi kwa miaka mingi ilizoea chumba cha kutengwa. Uingereza wauguzi hufunzwa kumshika mgonjwa kwa mikono yao, na mkanda wa kitandani ni nadra sana. Ujerumani mkanda huo ni kitu cha kawaida wodini. Na muuguzi wa kila nchi huiona njia ya jirani kuwa ya kikatili na ya kwake kuwa ya lazima. Ugonjwa ni uleule, dawa ni zilezile. Kinachobadilika ni mazoea ya wafanyakazi. Ndiyo sababu niliomba nafasi ya kwenda Trieste.

Asubuhi ya pili tulipanda mlima wa San Giovanni. Hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa hapo mwaka 1908, wakati Trieste ni bandari ya milki ya Austria, na ilijengwa kama mji mdogo: barabara inayopanda kilima, majengo ya njano pande zote mbili, kanisa, ukumbi wa maonyesho, sehemu ya kufulia nguo. Majengo yalipangwa kwa tabia za watu, watulivu huku, wenye fujo kule, wanaojichafua mbali kabisa. Sasa humo mna vitivo vya chuo kikuu, shule, ofisi za afya, kituo cha redio kinachoitwa Radio Fragola, na mgahawa wa ushirika ambao baadhi ya wafanyakazi wake ni watu waliowahi kuugua. Bustani ina waridi za maelfu ya aina. Zilikuwa zimebaki chache kwa msimu ule, lakini wazee walikuwa wamekaa kati yake na mbwa wao kama ilivyo bustani nyingine yoyote ya mji. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba uhuru ni tiba.

Mwezi Agosti mwaka 1971 alifika hapa daktari Franco Basaglia kuwa mkurugenzi. Alikuta wagonjwa wapatao 1,200. Alikuwa na umri wa miaka 47, mzaliwa wa Venezia, na akiwa mwanafunzi aliwahi kutiwa jela na mafashisti kwa kuwapinga. Hadithi ya mji huu wanayoijua hata watoto ni ya farasi. Alikuwepo farasi wa kweli aliyeitwa Marco, kazi yake kukokota mkokoteni wa nguo chafu. Mwaka 1972 ilipoamuliwa apelekwe machinjioni kwa uzee, wagonjwa waliandika barua kwa serikali ya mkoa kwa jina la farasi mwenyewe, wakiomba apumzishwe, wakakubaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1973, wakiwa pamoja na wasanii na wauguzi, wakaunda farasi mkubwa wa mbao na karatasi, wakampaka rangi ya buluu. Siku ya kumtoa kwenda mjini akagoma kupita langoni kwa ukubwa wake. Basi wakavunja sehemu ya lango, wakatoka naye, mamia ya watu wakifuatana naye barabarani. Nilipiga picha mfano wa farasi huyo, kama wafanyavyo wageni wote, lakini nakiri moyo wangu ulikuwa kwa wauguzi. Ilikuwaje kwao?

Nilipata bahati ya kumwuliza mmoja wao, mzee aliyekwisha kustaafu, aliyeanza kazi kijana sana kabla Basaglia hajafika. Tulikaa mgahawani, mama mkalimani kati yetu, kahawa mezani. Mji huu ni bandari ya kahawa tangu zamani na hainywewi kwa haraka. Mzee alieleza zamu ya siku hizo. Kuhesabu wagonjwa kabla ya kupokea zamu, kuhesabu vijiko baada ya chakula, kuhesabu tena watu kabla ya kulala. Funguo kiunoni mchana kutwa. Nilimwambia hata sisi tunahesabu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalikuta katika kitabu: kwamba milango ilipoanza kufunguliwa, wauguzi wengi hawakupinga kwa ukatili. Walikuwa wanauliza, kama sifungi tena na sihesabu tena, kazi yangu ni ipi? Walikuwa wamefundishwa kulinda. Hakuna aliyewafundisha kukaa na mtu na kuzungumza naye, na ghafla hiyo ndiyo ikawa kazi.

Kilichowasaidia, alisema, ni mikutano. Kila siku watu wote katika chumba kimoja, madaktari, wauguzi, wagonjwa, kila mmoja na haki ya kusema, na mara nyingi ya kulalamika. Aliichukia mwanzoni. Ilikuwa mirefu, ilikuwa na makelele, daktari alikaripiwa na mgonjwa mbele ya wote na hakukasirika. Muuguzi aliyemwogopa mtu kwa miaka kumi alimsikia mtu huyo akieleza kwa nini alimng'ata siku ile. Ukishasikia sababu, mzee alisema, inakuwa vigumu kumfunga kesho yake.

Nikamwuliza juu ya sheria. Hapo akanyoosha mgongo. Sheria ya Italia ya mwaka 1904 ilimtazama mgonjwa wa akili kama mtu wa hatari na wa kuleta aibu mbele ya watu, na hospitali kama mahali pa kuilinda jamii dhidi yake. Mfanyakazi aliyemwachia mgonjwa akadhuru mtu aliweza kushtakiwa mahakamani. Nilipotafsiriwa hayo nilicheka kwa mshangao, nikamweleza barua zetu za kujieleza. Mama mkalimani alimtafsiria, naye mzee akanishika mkono juu ya meza. Kwa hiyo unajua, akasema. Hofu ya muuguzi wa Trieste mwaka 1970 na hofu ya muuguzi wa Tanzania leo zina mzizi mmoja, na mzizi huo hauko kichwani mwa mgonjwa.

Siku iliyofuata tulipanda treni kwenda Gorizia, safari fupi ya chini ya saa moja, mji ulio mpakani na Slovenia. Huko ndiko Basaglia alikoanzia, Novemba 1961. Ukuta wa hospitali ulipakana na mpaka wenyewe wa Yugoslavia ya wakati ule. Mtu alifungiwa mwishoni kabisa mwa nchi yake. Wagonjwa walinyolewa vichwa, wakavishwa sare, na bustanini baadhi yao walifungwa kwenye miti na mabenchi ili wapate hewa bila kukimbia. Harufu ya mahali pale ilimkumbusha Basaglia jela aliyowahi kulala.

Sasa lipo tukio moja la Gorizia ambalo kwangu lina uzito kuliko farasi wa buluu. Kanuni za mwaka 1909 zilitaka kila kumfunga mgonjwa kuidhinishwe na daktari kwa maandishi. Zilikusudiwa kupunguza kufunga. Kwa mazoea zikageuka kuwa daftari: kila asubuhi muuguzi mkuu alimletea mkurugenzi orodha ya waliofungwa usiku, naye akaweka saini, siku ikaendelea. Basaglia, mgeni kazini, alipowekewa daftari lile mezani, alikataa kusaini. Hakuhutubia. Alisema tu, kwa lahaja ya kwao Venezia, kwamba yeye hasaini.

Nilisimama katika bustani ya Gorizia, majani makavu yakiruka, nikamfikiria yule muuguzi mkuu aliyebaki na daftari mkononi. Vitabu vimeandikwa vingi kuhusu daktari. Lakini ni muuguzi aliyerudi wodini na kuwaambia wenzake, kuanzia leo hatuna saini. Usiku ule nani alikuwa zamu? Walifanyaje na yule aliyekuwa akifungwa kila jioni kwa sababu amekuwa akifungwa kila jioni? Kukataa kwa daktari kulichukua nukta moja. Kazi ya kuishi na kukataa huko iliwachukua wauguzi miaka, wodi baada ya wodi. Ya kwanza ilifunguliwa milango mwaka 1962, na nyingine zikafuata taratibu. Nayasema haya kwa sababu mabadiliko ya namna hii yakisimuliwa kama kazi ya mtu mmoja shujaa, sisi wengine tunabaki kumngoja shujaa.

Tarehe 13 Mei 1978 Italia ilipitisha Sheria namba 180, iliyozuia kuwaingiza wagonjwa wapya katika hospitali za aina ile na kuondoa mashtaka yaliyowatisha wauguzi. Matibabu ya lazima yalibaki, ila kwa pendekezo la madaktari wawili, amri ya meya na ukaguzi wa hakimu, kwa siku saba kwa mara moja. Basaglia alikufa miaka miwili baadaye, Agosti 1980.

Tuliporudi Trieste, usiku niliotaka kuuona ulikuwa wa kituoni. Wakati wa ziara yangu mji ulikuwa na vituo vinne vya afya ya akili mitaani, nyumba za kawaida zenye vitanda sita hadi vinane, na wodi ndogo katika hospitali kuu ya mji. Kituo nilichopelekwa hakikuwa na sare. Ilinichukua muda kutambua nani muuguzi na nani mgonjwa, na nilimsalimia kwa heshima zote za kikazi mwanamke aliyekuwa amelazwa, naye akanipokea vizuri, akanionyesha jikoni. Mlango wa mbele ulifunguka kwa kusukuma. Nilijikuta naurudia kuuangalia. Tabia ya miaka haiondoki kwa siku moja.

Baada ya chakula cha jioni aliletwa kijana na dada yake. Alikuwa anazungumza upesi, ananyoosha vidole kwenye dari, na kila aliyemkaribia alimsukuma. Mwili wangu ulijua la kufanya kabla akili haijafikiri: nilitazama mikono yake, nikahesabu tulio wafanyakazi, nikatafuta kwa macho mahali dawa zilipo. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa umri kama wangu, hakumsogelea. Alikaa chini. Alikaa kwenye ngazi, chini kuliko alivyosimama kijana, akamwuliza kama anasikia baridi. Kijana akatoka nje. Nilisubiri kelele, nilisubiri watu kumkimbilia; muuguzi akachukua koti lake na la pili la kumpa, akamfuata akiwa hatua kadhaa nyuma. Mwenzake akabaki na sisi, akampigia simu daktari. Walizunguka mtaa. Walirudi, wakatoka tena. Kijana aliomba sigara, akapewa. Alitukana, akaachwa atukane. Karibu na usiku wa manane alikubali kumeza dawa kwa masharti kwamba dada yake akae naye, na dada akawekewa kitanda. Wakati wote huo, muda wa zaidi ya saa nne, yule muuguzi hakufanya kazi nyingine yoyote.

Hapo niliona kilicho ndani ya maneno "hakuna njia nyingine". Njia ipo, na inakula muda wa mtu. Mkanda huokoa muda. Muuguzi mmoja mwenye mkanda anaweza kurudi kwa wagonjwa wengine arobaini. Muuguzi mmoja asiye nao anabaki na mtu mmoja hadi usiku wa manane. Nilimwuliza yule muuguzi wako wangapi usiku. Wawili. Na waliolala kituoni usiku ule walikuwa saba. Nilimweleza hesabu ya kwetu, akafunika mdomo kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimwona Mtaliano akikosa la kusema. Baadaye akauliza kitu ambacho sikukitarajia: ndugu wa wagonjwa huko kwenu wako wapi? Nikamwambia wako langoni, wanangoja saa ya kuona wagonjwa. Akashangaa tuna watu wengi hivyo nje ya lango na wachache hivyo ndani.

Swali hilo limenisumbua, kwa kuwa Afrika ilikwisha kulijibu. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo alianza pale Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria, kuwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakija hospitali mchana kwa matibabu. Nasi Tanzania tulikuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili, Hombolo kule Dodoma, Vikuruti kule Dar es Salaam, watu wakilima na kuishi bila ukuta. Na Basaglia mwenyewe alimsoma Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa hospitali ya Blida, Algeria, kuanzia mwaka 1953, na ambaye alitumia nguvu nyingi kuwafunza wauguzi wake. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye pesa.

Wala Italia nzima si Trieste. Mama mkalimani ndiye aliyesisitiza nilijue hili, akalisema kwa uchungu. Wodi nyingi za nchi yake bado zinafunga. Agosti 2009, katika hospitali ya Vallo della Lucania kusini mwa nchi, mwalimu wa shule aliyeitwa Francesco Mastrogiovanni, miaka 58, alikufa baada ya kufungwa mikono na miguu kitandani zaidi ya saa 80. Kamera ya wodi ilirekodi kila kitu: wafanyakazi wanaingia, wanatoka, wanabadilishana zamu, na mtu yupo palepale amefungwa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliwatia hatiani madaktari na wauguzi pia, na mwaka 2018 mahakama ya juu ilitamka kwamba kufunga si kitendo cha tiba. Niliangalia sehemu ya picha hizo. Hakuna anayeonekana kuwa na hasira. Watu wanafanya kazi yao ya kawaida, na hicho ndicho kilichonitia hofu, kwa sababu mwendo wao naujua.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Mwaka 1968 mgonjwa wa Gorizia aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kwa siku moja alimuua mkewe, na Basaglia akashtakiwa, kisha akaachiwa. Yalitokea mauaji na Trieste pia, mwanzoni. Mzee mstaafu hakunificha. Alisema kila jambo kama hilo lilipotokea, wodi nzima ilirudi nyuma kwa woga, na wapo waliotaka funguo zao. Waliendelea kwa sababu viongozi wao hawakumtupia lawama aliyekuwa zamu. Nilipoagana na wafanyakazi wa kituo walikuwa na wasiwasi wa aina nyingine: bajeti, nafasi za waliostaafu zisizojazwa, minong'ono ya kupunguza saa za usiku. Wanajua vizuri kwamba bila watu, mkanda utarudi bila kuitwa.

Nyumbani niliwasimulia wenzangu katika kikao cha wodi, nikasema nataka kuuandikia utawala barua. Wengine walitikisa vichwa. Mama yetu wa zamu, mkubwa kuliko sote, ambaye amefundisha nusu ya wauguzi wa hospitali, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Usiku wako wangapi, mwanangu?" Nikamwambia wawili kwa watu saba. "Basi barua yako ianzie hapo. Usianze na farasi."

Tukaandika naye. Tumeomba muuguzi wa pili wa usiku. Tumeomba ndugu mmoja aruhusiwe kukaa na mgonjwa siku za mwanzo, hata kama ni kwenye mkeka. Tumeomba kwamba uamuzi wa kutomfunga mtu ukifanywa na timu na ukaandikwa, asitakiwe mtu mmoja kujieleza peke yake. Na tumeomba daftari la kufunga liongezewe safu tatu: nini kilijaribiwa kwanza, nani alikaa na mgonjwa hadi akafunguliwa, na yeye mwenyewe alisema nini alipotulia. Juu ya muuguzi wa pili bado hatujajibiwa. Suala la ndugu linajadiliwa. Safu tatu zimekubaliwa, na zamu ya usiku imeanza kuzijaza. Ile ya mwisho, ya maneno ya mgonjwa, ndiyo mama yetu anayoisoma kwanza kila asubuhi, kwa sauti, mbele ya wanaoingia kazini.